Mluzi Nyuma ya Nyumba

Mimi na Mama Halima tulitenganishwa na ua wa matete uliokuwa umeoza upande mmoja, na kupitia upande huo nilijua mambo yake yote. Sisemi hivi kwa kujisifu. Ukikaa Kindu, karibu na bandari, jirani akikohoa wewe ndiye unayetafuta dawa.

Jina lake hasa lilikuwa Mwayuma. Alikuwa Mwislamu wa ukoo wa zamani, wa wale ambao babu zao walifika na misafara wakajenga, wakapanda mpunga, wakabaki. Binti yake wa pekee, Halima, aliolewa Kasongo. Mimi ni Mkatoliki, mke wa karani wa reli, na nina mdomo. Tulipendana kwa ugomvi. Yeye alisema wali wangu unafaa kuziba nyufa za ukuta, nami nikamjibu kwamba ndege wake wanakula vizuri kuliko mume wangu Donatien.

Maana alikuwa na ndege. Au niseme kweli, ndege walikuwa wa mume wake, Bulaimu.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Wazungu kwisha. Bulaimu alifanya kazi kwenye masuwa, meli ya moshi iliyoshuka mto Lualaba mpaka Ponthierville na kupanda tena. Yeye ndiye aliyesimama mbele kabisa na ufito mrefu wenye alama, akiuchovya majini na kumtajia kapiteni kina kwa kelele, kwa sababu mchanga wa mto ule hauna adabu: leo uko hapa, kesho umehamia kule. Alipiga kelele kutwa, kwa hiyo akiwa nyumbani hakutaka kupaza sauti. Aliita kwa mluzi. Ulikuwa na sauti nne: mbili za kupanda, ya tatu ndefu, na ya mwisho ikishuka taratibu kama mtu mzima anayekaa kitini.

Asubuhi alisimama nyuma ya nyumba na ungo wa chenga za mchele, akapiga mluzi huo, nao wakashuka: njiwa, shorewanda, minana ya manjano yenye makelele, na vile vidogo vyekundu ambavyo mpaka leo sijui vinaitwaje. Wale wasiokula nafaka aliwawekea kumbikumbi waliokaushwa na nyama ya ngazi, yale matunda ya mchikichi, baada ya kuzichemsha. Nilimwambia mara moja, "Shemeji, wenzako wanafuga mbuzi." Akacheka. Akasema mbuzi hamwambii mtu asante, ndege angalau anaimba.

Na jioni, akitoka bandarini, alipita njia ya nyuma kando ya kichaka kilichokuwa kati yetu na kijito, akapiga mluzi uleule. Hapo mkewe alijua kwamba ni wakati wa kuweka maji ya kuoga motoni. Alimjibu kwa kugonga kifuniko juu ya sufuria, basi. Angejibuje tena? Mwanamke wa kwao hamwiti mumewe kwa sauti, wala jina lake halitaji ovyo. Na mluzi ndiyo kabisa! Hilo hata sisi wa misheni tulilelewa nalo: msichana akipiga mluzi anaita nyoka, anaita shetani, anamfupishia mama yake maisha. Bibi yangu alinichapa kwa mluzi mmoja tu, na haukuwa hata mzuri.

Masuwa iligonga fungu la mchanga chini kidogo ya bandari ya Lowa, mvua ikinyesha. Ilitikisika mara moja, na watu waliokuwa nyuma walipotazama mbele waliona ufito ukielea peke yake. Walizunguka na mitumbwi mpaka giza likaingia. Siku zilizofuata Wagenya, wale wavuvi, walitafuta, nao wanaujua mto kuliko nyua zao. Bulaimu hakuonekana, wala hata nguo yake.

Kaka yake mkubwa, Waziri, fundi wa kushona kanzu, alikuja kutaka matanga. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka ndugu yake asomewe dua, aombewe, apumzike. Mwayuma alimpokea mlangoni akiwa na mwiko mkononi.

"Matanga ya nani, shemeji?" alimwuliza. "Munaniletea sanda, na muntu wa kutia ndani munaye wapi?"

"Lakini muke wa ndugu yangu, mayi ilimubeba. Wote waliona."

"Waliona ufito. Mimi sikuolewa na ufito."

Mtanisamehe, nilicheka nyuma ya ua. Baadaye sikucheka tena. Zamani kidogo kulikuwa na mtu wa Kailo aliyeanguka mtoni, Wagenya wakamwokota, akalala na homa kijijini kwao msimu mzima, na aliporudi akakuta wenzake wamekwisha kula wali wa matanga yake. Kindu nzima iliicheka hadithi hiyo. Mwayuma aliishika kwa mikono miwili. Hata Mwalimu Amuri wa msikitini alisema kwamba mtu asiyeonekana maiti yake ana sheria zake na muda wake wa kungojewa, tusimharakishe. Basi akabaki hivyo, si mke si mjane. Eda hakukaa, kwa sababu mwanamke akikaa eda amekubali kwa mwili wake kwamba mume amekufa, na hakuna mtu, hata Waziri, aliyeweza kumwingiza ndani kwa nguvu na kumvisha nguo ya msiba.

Akaendelea kulisha ndege. "Akirudi akute wamepungua, nitamuambia nini?" alinijibu nilipomwuliza.

Jioni moja, nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nilisikia mluzi wa Bulaimu kichakani.

Mchi ulisimama hewani mkononi mwangu. Sauti mbili za kupanda, moja ndefu, moja ya kushuka. Haukuwa mluzi unaofanana na wake. Ulikuwa wake. Mpaka ule uchovu wa mtu aliyesimama kutwa juani ulikuwemo. Kisha, upande wa pili wa ua, nikasikia kifuniko kikigongwa juu ya sufuria, na kuni zikisukumwa motoni.

Nilichungulia. Mwayuma alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani. Maji yakachemka, akayatoa, akayaweka bafuni pamoja na taulo, akakaa kizingitini akitazama njia ya nyuma. Hakuna aliyekuja. Maji yalipopoa aliyamwaga kwenye migomba akaingia kulala. Kesho yake mluzi ukalia tena, naye akaweka maji tena, na siku iliyofuata vilevile. Nakwambieni, nimezika watu wengi maishani, lakini sijaona jambo la kutisha kama mwanamke yule akipima joto la maji kwa kiwiko, jioni baada ya jioni, kwa ajili ya mtu ambaye sote tulijua yuko wapi.

Watu waliacha kupita njia ya nyuma. Watu wa usafi walikuja na amri ya kufyeka vichaka vyote kandokando ya nyumba, kama kila mwaka, na vibarua wao wakafyeka kila mahali isipokuwa hapo. Hata Donatien wangu, aliyezoea kutuambia kwamba mizimu ni ujinga wa watu wasiosoma, alianza kwenda chooni kabla jua halijashuka.

Mimi siamini mizimu. Ikinitaka inajua ninapokaa. Kwa hiyo nilikaa kwenye ule upande uliooza wa ua, nikangoja niuone mdomo unaopiga mluzi ule, nikauona. Alikuwa ndege mdogo, mwili rangi ya mawese, mbawa za kijivu, mwoga. Alikuwa miongoni mwa wale wasiokula nafaka, akija mwisho kabisa wenzake wakishaondoka, akadokoa ngazi akakimbilia kichakani. Alikaa kwenye tawi la chini, koo lake likatikisika, na Bulaimu akatoka humo.

Nilidhani nikishajua kwamba ni ndege, hofu itaisha. Ikazidi. Koo lenyewe halikufika unene wa kidole, na ndani yake mtu mzima alikuwa anarudi nyumbani. Nikajifunika khanga hadi shingoni ingawa kulikuwa na joto.

Hata hivyo nilikwenda kumwambia. Nilimkuta anapepeta mchele. "Mama Halima," nikasema, "njo ndege, ni ndege tu. Nimemuona na macho yangu. Bwana yako alimuitaga kila siku, sasa yeye anamuiga."

Hakuacha kupepeta. "Mama Gérard, wewe uko unaona ndege. Mimi niko nasikia bwana yangu. Kila muntu na yake." Na kwa muda mrefu baada ya hapo hakuniazima hata kaa la moto.

Hivyo ndivyo tulivyoishi naye, tukiwa na mtu asiyekuwepo ambaye alirudi kila jioni. Mtu huzoea mambo. Watoto wa mtaa walianza kuingia ndani bila kuitwa wakisikia mluzi. Kisha, msimu wa mvua uliofuata, jambo likaharibika.

Mluzi wa Bulaimu ulilia, na kabla Mwayuma hajagonga kifuniko, mluzi mwingine ukajibu kutoka kichaka kilekile.

Ulikuwa mwembamba, wa juu, unasitasita kwenye sauti ya tatu, kama wa mtu aliyejifunza ukubwani. Ulikuwa wa mwanamke. Hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Akaita yule, akajibu huyu. Akaita tena, akajibu tena, polepole, kama mume na mke wanaozungumza mambo ya nyumbani. Nilichungulia. Mwayuma alikuwa ameshika kifuniko hewani, uso wake umekuwa rangi ya majivu. Alikiweka chini bila sauti, akaingia ndani, akafunga mlango. Jioni ile hakuweka maji, wala asubuhi hakuwatolea ndege kitu. Walikuja, wakazunguka uwanja mtupu, wakaenda zao.

Penye wengi pana mengi. Sokoni, kando ya bandari, habari ilikuwa imeiva siku ileile: Bulaimu ameoa chini ya maji. Amechukuliwa na mambamuntu, yule mwanamke wa mtoni, nusu mtu nusu samaki, anayependa wanaume wazuri na kuwasahaulisha kwao. Mama mmoja muuza mawese, aitwaye Victorine, ambaye hata sura ya Bulaimu hakuijua, alieleza nywele za huyo bibi zilivyo ndefu. "Asiyekuwepo na lake halipo," walisema, wakacheka kwa hofu. Nilimtazama Mwayuma akipita na kikapu. Nilitegemea kuona wivu usoni mwake. Nilichokiona ni aibu, na sikuelewa ni ya nini.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, Waziri alikuja na wazee wa msikiti, Mwalimu Amuri akiwa mbele, na majirani nyuma yao, na mimi nyuma ya majirani, si mbali. Walikuwa na mapanga ya kufyekea kichaka. Waziri alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa mekundu.

Jua lilikuwa linashuka. Hatukungoja sana. Bulaimu aliita, na yule mwanamke akajibu.

Wanaume wazima walirudi nyuma. Mmoja aliangusha panga. Waziri alisema kwa sauti iliyopasuka, "Munasikia? Njo yeye. Na ule mwanamuke iko naye. Ndugu yangu ametuacha, Mwalimu. Ameacha mpaka Mungu wake."

Mwalimu Amuri alipitisha mkono usoni. Alikuwa mtu mpole, hakupenda aliyotaka kuyasema. "Kama njo vile," akasema, "kama ameisha kuingia kwa majini kwa kupenda kwake, mimi siwezi kumusalia. Hatutamusomea dua. Jina lake tuliache."

Mlango ukafunguliwa. Mwayuma akatoka, amejitanda khanga mpaka puani. Alipita katikati ya wazee bila kuwaamkia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe, akasimama mbele ya Mwalimu.

"Bulaimu hana mwanamuke mwingine," akasema.

"Mama Halima, masikio yetu yote yamesikia."

"Bwana yangu hakukosa sala hata moja. Ku masuwa alisali amesimama na ufito mukononi. Musimutupe."

"Basi nani anamujibu?" Waziri aliuliza. Hakuuliza kwa ukali, masikini. Alitaka kweli aambiwe.

Nilikuwa namwona Mwayuma kwa ubavuni, na nikaona mkono wake unashuka polepole ukiivuta khanga kutoka mdomoni. Mbele ya wazee wote wa msikiti, mbele ya shemeji yake, mwanamke yule ambaye hata kucheka alicheka ndani ya kiganja, alikunja midomo akapiga mluzi.

Mwembamba, wa juu, ukisitasita kwenye sauti ya tatu.

Kichakani, ndege akamjibu kwa mluzi wa Bulaimu, halafu kwa ule wa Mwayuma mwenyewe.

"Njo mimi," akasema. "Kila magaribi niliona haji, nikafikiri pengine hasikii kifuniko. Nikajifunza. Nikawa namujibu pole pole, wantu wasisikie. Ndege alisikia." Alivuta pumzi. "Ni ndege, shemeji. Ananiiga mimi."

Tulifurahi! Nakumbuka mnong'ono ulivyopita, jinsi mabega ya wanaume yalivyoshuka. Jina la Bulaimu lilikuwa limesafishwa. Hakuna aliyefikiria hatua inayofuata, hata mimi niliyekuwa nimemwona ndege kwa macho yangu. Waziri peke yake ndiye aliyesimama bila kujisogeza, akimtazama.

"Na ule wa kwanza?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ule anayeitaga?"

Nilitamani kumziba mdomo. Mwayuma alitazama kichaka, akatazama nyumba yake, akatazama mikono yake mwenyewe. Angeweza kunyamaza. Angenyamaza, mume wake angebaki hai, na pia, kwa kuita tu bila kurudi, angebaki mtu wa majini asiyesaliwa. Nilimwona akipima mambo hayo mawili.

"Naye pia njo ndege," akasema. "Bulaimu iko mu mayi. Toka siku ile ya kwanza iko mu mayi." Kisha akageuka kwa Mwalimu, sauti yake imekuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi. "Mumusalie sasa. Na muweke matanga."

Waziri alikaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akalia kama mtoto. Mwayuma hakulia hapo. Aliingia ndani, nami nikamfuata bila kuomba ruhusa, nikamkuta anafumua nywele. Nilipomshika ndipo kilio kilipomtoka, na hakikuwa kilio cha mtu aliyefiwa mwaka jana. Alilia kama mtu ambaye maiti ya mumewe imeingizwa mlangoni saa ile ile. Kwa sisi wengine Bulaimu alikufa chini ya Lowa. Kwake alikufa siku hiyo, nyuma ya nyumba, na yeye mwenyewe ndiye aliyelazimika kutamka.

Alikaa eda yake ndani, miezi minne na siku kumi kama ilivyo dini yao, na ndege niliwalisha mimi, Mkatoliki, nikigombana na minana. Alipotoka alikataa kurithiwa na Waziri, ambaye hata hivyo hakusisitiza. Alikaanga mikate ya mchele akauza bandarini, masuwa zikija na kwenda mbele yake. Hakuolewa tena. Kichaka hakikufyekwa, na asubuhi aliendelea kutoa chenga na ngazi, ila hakupiga mluzi tena maisha yake yote.

Ndege hakujua. Jioni mume aliita, na mke akaitika. Hata yule ndege wa kwanza alipokuwa bila shaka amekwisha kufa, maana ndege mdogo haishi sana, watoto wake au majirani zake walikuwa wameyachukua mazungumzo yale, na yakaendelea. Mwayuma aliketi kwenye mkeka akichambua mchele, akisikia sauti yake mwenyewe ikimjibu mumewe.

Siku moja nilishindwa. Nikamwambia nitamtafuta mtu afyeke kile kichaka, nitamlipa mimi, kwa sababu siwezi tena kuona moyo wake unachomwa kila jioni na sauti ya mumewe.

"Hapana," akasema. "Yeye ameisha kupumzika. Tulimusalia." Kichakani Bulaimu aliita, na ule mluzi mwembamba ukamjibu haraka, kwa furaha. Mwayuma alisikiliza mpaka ukaisha. "Niko namusikilia huruma ule mwanamuke anayemujibu. Mpaka leo, Mama Gérard, hakuna muntu amemuambia."